Mifupa ya Ruhuhu na Watu Wasioandikwa

Mwaka 1933 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Cambridge aitwaye Francis Rex Parrington alikusanya katika bonde la mto Ruhuhu, karibu na mahali paitwapo Mkongoleko, vipande vya mifupa ya mnyama ambaye jina lake halikuthibitika mbele ya wataalamu wa ulimwengu mpaka mwaka 2017, yaani baada ya kupita miaka 84. Na katika muda huo wote mifupa hiyo ilikaa katika makabati ya Uingereza, ikatazamwa, ikapimwa, ikaandikiwa hata tasnifu, wala isiweze kutoa habari zake kwa ukamilifu, kwa kuwa mabaki mengine ya mnyama wa namna ile ile yalikuwa yangali ardhini huku kwetu, yakingoja mtu wa kuyarudia. Habari za kungoja huko ndizo nitakazozieleza, maana naona kwamba tarikhi ya mifupa ya Ruhuhu haieleweki kwa kutaja wanyama na mabwana waliowapa majina tu, bali yapasa kuitazama pia ardhi yenyewe, pamoja na watu waliokuwa wakiikanyaga kila siku na kuijua kila korongo lake.

Bonde hilo li upande wa kusini magharibi wa Tanzania, katika mikoa ya Ruvuma na Njombe, na mto wenyewe humwaga maji yake katika Ziwa Nyasa hapo Manda. Mtu atokaye Njombe akafika Madaba, kisha akashika njia ya Songea kwa Lutukira na Gumbiro, huwa anapita kandokando ya nchi hiyo ya kale upande wa mashariki. Na Wangoni, Wabena, Wapangwa na Wamatengo hulima mahindi yao juu ya udongo ambao chini yake, na pengine juu yake kabisa penye makorongo yaliyochimbwa na mvua, mna mabaki ya hayawani walioishi kabla ya zama za dinosaria wakubwa kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Wala si ajabu kwamba sifa ya nchi hii haikuenea kama ile ya Tendaguru katika Lindi, kwa maana Tendaguru ilitoa majitu: yule mnyama wa shingo ndefu aliyesimamishwa katika makumbusho ya Berlin mwaka 1937, kimo chake kikipita meta 13, alitosha peke yake kuwavuta watu wa mataifa yote. Ruhuhu haikutoa jitu la namna hiyo. Iliyotoa ni mwanzo wa mambo, na mwanzo aghalabu huwa mdogo, nao hudai macho yenye subira zaidi.

Wataalamu wa miamba huziita tabaka za huko kwa jumla Kundi la Songea, nazo zimepangana katika bonde lililozama polepole wakati ardhi ilipokuwa ikivutwa na kupasuka, hata mito ikawa inajaza mchanga na matope humo dahari kwa dahari. Tabaka za chini kabisa zina alama za barafu, jambo ambalo mkulima wa Madaba, pamoja na kuzoea baridi ya mwezi wa Juni, huenda asilisadiki upesi. Lakini wakati huo Afrika ilikuwa imeungana na India, Antaktika, Australia na Amerika ya Kusini katika bara moja liitwalo Gondwana, na sehemu zetu hizi zilikuwa kusini mno kuliko zilivyo leo. Barafu ilipoyeyuka pakawa na vinamasi, na katika vinamasi hivyo ikaota miti ya Glossopteris, ambayo majani yake yamepiga chapa katika mawe, na mabaki yake yaliyolundikana ndiyo yaliyogeuka makaa ya mawe ya Ngaka, Mhukuru na Mchuchuma. Juu ya makaa hayo zimelala tabaka ziitwazo Usili, za mwisho wa zama za Permi; na juu zaidi zimelala zile za Manda, za zama za Triasi, ambazo zimepata sifa kuliko zote.

Tabaka za Usili zataka maelezo kidogo, kwa sababu wanyama wake hawafanani na wowote tuwajuao. Wengi walikuwa wa kabila la disinodonti, wala majani, wenye mdomo mgumu kama wa kobe na aghalabu meno mawili tu yaliyochomoza mithili ya pembe; wengine wakubwa, wengine wadogo sana, kama Kawingasaurus, ambaye alichimba mashimo na kuishi chini ya ardhi. Waliwindwa na wanyama waitwao gorgonopsia, wenye meno marefu ya kupasulia nyama, ambao walikuwa ndio mabwana wa nchi kavu kwa wakati wao. Palikuwa pia na Peltobatrachus, amfibia aliyevikwa ngao mgongoni. Wala tusiwahesabu disinodonti na gorgonopsia kuwa watambaazi wa kawaida, kwa kuwa ukoo wao ulikuwa karibu na ule ambao mwishowe ulitoa mamalia, nasi wanadamu tukiwamo; kwa hiyo atazamaye fuvu la gorgonopsia wa Ruhuhu humtazama jamaa, ingawa ni jamaa wa mbali mno.

Takriban miaka milioni 252 iliyopita msiba ulizifika nchi zote na bahari zote, volkano za Siberia zilipotapika moto na hewa za sumu kwa muda mrefu, joto likazidi, na sehemu kubwa ya viumbe vyote ikaangamia, kuliko wakati wowote mwingine ujulikanao. Gorgonopsia wakatoweka kabisa, na wengi wa disinodonti pamoja nao. Mwaka 2013 Christian Sidor wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake walichapisha uchunguzi uliolinganisha visukuku vya Ruhuhu na vile vya Zambia, Malawi, Afrika ya Kusini na Antaktika, wakabainisha kwamba kabla ya msiba ule asilimia 35 ya aina za wanyama wenye miguu minne zilipatikana katika nchi mbili au zaidi kati ya hizo tano, ilhali miaka milioni kumi baadaye zilibaki asilimia 7 tu. Maana yake kila nchi ilianza kupata wanyama wake wenyewe, na katika Tanzania na Zambia wakadhihiri jamaa wa kwanza wa dinosaria, ambao nchi ya Karoo kule Afrika ya Kusini haikuwa nao. Hilo ndilo linaloipa Manda thamani yake. Wanyama waliozaliwa baada ya maangamizi walizaliwa hapa katika hali ya upweke, kila jamii ikishika njia yake, na baadhi ya njia hizo zilielekea kwa mamba, nyingine kwa dinosaria na ndege.

Aliyefungua mlango wa elimu hii hakuwa akitafuta mifupa. Serikali ya Tanganyika ilitaka kujua kiasi cha makaa ya mawe yaliyomo Ruhuhu, na G. M. Stockley, mtaalamu wa miamba wa serikali, alipokuwa akizipima tabaka alikuta humo mabaki ya wanyama, akayapeleka kwa Sidney Haughton huko Afrika ya Kusini. Na mwaka 1932 zikatoka taarifa zao, ya Stockley juu ya miamba na ya Haughton juu ya wanyama. Mmoja wa wanyama hao, mla majani mwenye mdomo uliopinda, alipewa jina la Stenaulorhynchus stockleyi, ili Stockley akumbukwe. Mwaka uliofuata ndipo Parrington alipowasili kutoka Cambridge, na baada yake, katikati ya miaka hiyo ya 1930, akaja Ernst Nowack kukusanya kwa ajili ya Friedrich von Huene wa Tübingen katika Ujerumani, ambaye mwaka 1938 alimtaja kwa mara ya kwanza Stagonosuchus, mwindaji mkubwa wa jamii ya mamba. Basi kwa muda wa miaka michache tu mifupa ya bonde moja ilikuwa imetawanyika Cape Town, Cambridge na Tübingen, na aliyetaka kuisoma yote ilimlazimu kusafiri mabara mawili.

Nimeizungumza mifupa kana kwamba ilisafiri yenyewe. Walakini Stockley, Parrington na Nowack walikwenda kwa miguu katika nchi ya vilima na mapori ambayo hawakuzaliwa ndani yake, wakiwa na wapagazi, wapishi na waongozaji, na watu hao, waliojua mahali penye maji na mahali ambapo mvua za mwaka jana zilibomoa ukingo, ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuona jiwe lisilofanana na jiwe. Katika Tendaguru tunalo jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa uchimbaji wa Wajerumani wa mwaka 1909 hata 1913, ambaye aliwaongoza mamia ya wachimbaji na wapagazi walioibeba mifupa mwendo wa siku kadhaa hata bandari ya Lindi. Na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa huko aliitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ilichukua karibu miaka mia, lakini heshima ilifika. Ruhuhu haina Boheti wake. Majina ya mito na vilima yameandikwa kwa uangalifu katika daftari za wageni, kwa sababu pasipo hayo mfupa hauna thamani ya kielimu, lakini majina ya waliowaonyesha mito na vilima hivyo hayamo katika tarikhi tunayosomeshwa, nami naliona hilo kuwa upungufu wa kweli wa elimu, si wa adabu tu, kwa kuwa aliyeuona mfupa kwanza ni sehemu ya ushahidi wa mfupa.

Mifupa ya Parrington ilimwangukia kijana wa Cambridge, Alan Charig, aliyeandika juu yake tasnifu yake ya mwaka 1956. Humo aliwapa wanyama kadhaa majina, akiwamo Mandasuchus na yule wa Mkongoleko aliyemwita Teleocrater. Lakini tasnifu si kitabu kilichochapishwa, na kwa kanuni za elimu hiyo jina lisilochapishwa pamoja na maelezo kamili huhesabiwa kuwa halijatolewa. Sababu ya kuchelewa naweza kuielewa. Teleocrater alikuwa na shingo ndefu, mifupa ya miguu na pingili kadhaa, lakini kifundo cha mguu hakikuwapo, na kifundo ndicho kinachowapambanua watu wa ukoo wa mamba na watu wa ukoo wa dinosaria. Hivyo mnyama huyu alikaa katikati ya koo mbili pasipo shahidi wa kumtetea.

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, Charig alikuja mwenyewe pamoja na Barry Cox, John Attridge, A. W. Crompton na wenzao, katika msafara wa Makumbusho ya Uingereza na Chuo Kikuu cha London uliopitia kwanza Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ndiyo Zambia. Walikusanya shehena kubwa, nayo ikaenda London. Na mwaka mmoja tu baadaye, yaani 1964, ndipo nchi yetu ilipotunga Sheria ya Mambo ya Kale. Katika shehena hiyo lilikuwamo fuvu la mwindaji mkubwa ajabu, urefu wake umepita sentimeta 75, ambalo lilingoja mpaka mwaka 2022 kupata jina lililo halali. Richard Butler na wenzake walilipa jina la Mambawakale ruhuhu, wakaeleza kwamba wamekusudia kwa jina hilo la Kiswahili kukiri mchango mkubwa wa Watanzania walioufanikisha msafara wa 1963 bila ya majina yao kuandikwa. Nimelisoma jambo hilo kwa furaha na kwa uchungu pamoja. Furaha, kwa sababu deni limekiriwa na wenye elimu wenyewe. Uchungu, kwa sababu ilipasa kumheshimu mtu kwa jina la lugha yake, jina lake mwenyewe likiwa halijulikani.

Kwa zaidi ya miaka 40 baada ya Charig kazi katika Ruhuhu ilififia. Ilipofufuka mwaka 2007 ilikuja kwa sura nyingine: Sidor, Kenneth Angielczyk wa Chicago, Roger Smith wa Cape Town na Sterling Nesbitt walifanya kazi kwa vibali vya serikali ya Tanzania, na mifupa waliyoiokota iliandikwa kwa namba za Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, ikawa ni mali ya nchi hata ilipopelekwa ng'ambo kusafishwa na kusomwa. Matunda hayakukawia. Mwaka 2010 walimtangaza Asilisaurus kongwe, mnyama mwembamba wa urefu wa meta moja hata tatu, ambaye mabaki yake yalitoka kwa wasiopungua 14, naye ndiye jamaa wa karibu sana wa dinosaria, aliyeishi kabla yao wote waliokuwa wakijulikana kwa hakika. Wakafuatia na Nundasuchus songeaensis, mwindaji wa karibu meta tatu mwenye meno kama visu na vigamba vya mfupa mgongoni, aliyeunganishwa kutoka maelfu ya vipande. Na yeyote aliyekulia na hekaya ya Sultani Majinuni atajua mara moja ni Nunda gani aliyekusudiwa. Jina lake la pili ni la mji wa Songea, na mji huo uliitwa kwa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 pamoja na wakuu wengine wa Wangoni katika vita vya Maji Maji. Sidhani kwamba waliomwandika mnyama walikuwa na Nduna akilini. Lakini jina lake sasa limo katika kumbukumbu za elimu ya viumbe za ulimwengu mzima, wala haliwezi kufutwa.

Mwaka 2012 kabati za London zikatoa jambo jingine. Nesbitt na Paul Barrett walichukua tena mfupa mmoja wa mkono, ule utokao begani hata kiwikoni, na pingili sita, vyote vilivyokusanywa na Parrington katika miaka ya 1930, wakakata sehemu nyembamba ya mfupa na kuitazama kwa darubini, wakaona nyuzi zake zimesukwa kwa namna ya mnyama akuaye upesi, kama ilivyo kwa dinosaria. Na kwenye mfupa huo huo palikuwa na ukingo mrefu wa kushika misuli, ambao nao ni alama yao. Wakamwita Nyasasaurus parringtoni, wakasema kwamba huyu ama ndiye dinosaria wa kwanza ajulikanaye, ama ni jamaa yao wa karibu kupita wote, aliyeishi takriban miaka milioni 243 iliyopita, yaani zaidi ya miaka milioni kumi kabla ya wale wa Argentina waliokuwa wakihesabiwa kuwa wa kwanza. Uamuzi wao una tahadhari, nami naipenda tahadhari hiyo. Mkono mmoja na pingili sita havitoshi kumkata mtu kauli, na anayetaka neno la mwisho itambidi atafute mnyama mwingine wa aina hiyo katika tabaka za Manda.

Kwa Teleocrater ndivyo ilivyotokea. Mwaka 2015 msafara ulipata, si mbali na mahali alipookota Parrington, mifupa ya wanyama kadhaa wa aina ile ile, na safari hii vifundo vilikuwamo. Wote walikuwa wakitazamia kwamba jamaa wa zamani kabisa wa ukoo wa ndege na dinosaria atakuwa kiumbe mdogo atembeaye kwa miguu miwili. Lakini Teleocrater rhadinus, aliyetangazwa mwezi wa Aprili 2017, alikuwa mla nyama wa meta mbili hata tatu, mwenye shingo ndefu, aliyekwenda kwa miguu minne, na kifundo chake kilikuwa cha namna ya mamba. Kwa hiyo ile alama iliyodhaniwa kuwa ya mamba peke yao ilikuwa ya mababu wa pande zote mbili, na ukoo wa dinosaria uliiacha baadaye. Sura ya kitabu cha asili ya dinosaria iligeuzwa kwa vifundo vilivyolala miaka 82 baada ya Parrington kuondoka, katika ardhi ambayo mchungaji na mkulima walikuwa wakiipita kila kiangazi. Charig, aliyefariki mwaka 1997, aliandikwa miongoni mwa waandishi wa makala hiyo, kama alivyoandikwa katika ile ya Nyasasaurus; nalo ni tendo jema, maana jina la Teleocrater lilikuwa lake.

Haki hiyo iliyofanywa kwa marehemu wa London yaweza kufanywa pia kwa watu wa Ruhuhu, na muda uliobaki ni mfupi. Kijana aliyekuwa na miaka ishirini wakati msafara wa 1963 ulipopiga hema, sasa amepita themanini. Na wale wa wakati wa Parrington hawapo, lakini wana wao na wajukuu wao wapo. Walimu wa Madaba, Peramiho na Songea wana wanafunzi ambao babu zao huenda walibeba masanduku hayo, au walipika, au walikwenda mbele kuonyesha njia, na swali moja la jioni nyumbani laweza kuleta jina ambalo hakuna daftari la ng'ambo lililolihifadhi. Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea yanatunza kumbukumbu ya walionyongwa mwaka 1906. Orodha ya waliozifungua tabaka za Manda haitahitaji chumba kikubwa, ila itahitaji mtu wa kuanza kuiandika, akiwa na kalamu, na ramani ya vituo vya Parrington na Charig, katika vijiji vilivyo pande za Mkongoleko na Litumba.